Wimbo wa Machela Darajani

Hapo zamani, juu milimani, palikuwa na daraja la kamba lililovuka mto Ruhema. Mtunzaji wake aliitwa Kiondo. Alipotaka kujua hali ya daraja, alipiga kamba kwa fimbo, akaweka kiganja juu yake, akasubiri. Pigo lilikwenda kama wimbi hadi ng'ambo, likagonga nguzo ya kule, likarudi kiganjani. Kamba ikilegea, wimbi huchelewa. Kamba ikikazwa, wimbi huwahi.

Watu wa pale walibeba wagonjwa kwenye machela, watu wanne, kwa wimbo. Wimbo uliwapa wote hatua moja, na mgonjwa hakutikiswa. Hata darajani waliimba, na daraja lilikubali kwa sababu kamba zilikuwa zimelegea. Wimbi la hatua lilirudi likiwa limechelewa, moja likipanda na jingine likishuka, yakamezana.

Mwaka mmoja Namkunda, mke wa Sangiwa, aliugua tumbo. Mganga aliyeweza kumtibu alikaa ng'ambo. Mvua zilikuwa zimelegeza kamba zaidi, na katikati ya daraja mbao ziligusa maji. Kiondo akakaza kamba tangu alfajiri mpaka viganja vikachubuka, ili Namkunda apite pakavu. Kisha akapiga kamba, huku akiuimba ule wimbo kwa sauti ya chini. Wimbi likarudi sawasawa na hatua. Akapiga tena. Likarudi sawasawa tena. Hapo akajua kwamba leo kila hatua italikuta wimbi la hatua iliyotangulia, na yatajumlishana.

Sangiwa alipokuja kuuliza kama daraja liko tayari, Kiondo alimwambia, "Vukeni kimya, kila mtu na hatua yake. Mwambie Msechu." Akaenda nyumbani kufunga mikono yake.

Msechu ndiye aliyekuwa mwimbishaji wa wabebaji. Njia nzima Namkunda alimtania. Alisema kwamba siku alipoolewa, Msechu aliimba mpaka mbuzi wa mahari wakataka kurudi kwao. Wabebaji walicheka, na yeye alicheka kidogo, akiwa ameshika tumbo.

Walipofika darajani, Sangiwa alifungua kinywa amwambie Msechu. Namkunda akamshika mumewe mkono.

"Wasinyamaze, baba Senzia," alisema. "Wakinyamaza nabaki na maumivu peke yake."

Sangiwa akalitazama daraja. Halikuwahi kuukataa wimbo ule. Akafunga kinywa, akawafuata nyuma.

Hatua ya kumi, mbao ziliinuka kidogo. Hatua ya ishirini, ziliinuka zaidi. Msechu aliyasikia hayo nyayoni. Kila mwimbishaji hufundishwa kwamba daraja likianza kucheza, akate wimbo na avuruge hatua. Lakini ng'ambo ilikuwa karibu, naye aliogopa kwamba hatua zikivurugika machela itainama. Akaimba. Hatua kumi nyingine, mbao zikawarusha. Wabebaji wote walishika kamba. Namkunda hakuwa na nguvu ya kushika kitu.

Walimpata siku ya pili, chini ya maporomoko.

Sasa, desturi yao ilikuwa hivi. Kila mzishi hutia kiganja kimoja cha udongo. Lakini yule ambaye kosa lake ndilo lililoleta kifo husimama nje ya ua wa maziko mpaka kaburi lijae, wala hakanyagi hapo tena maisha yake yote. Desturi ilimtoa mtu mmoja, haikutoa wawili. Naye wa kumtaja ni ndugu wa marehemu, siku hiyo Naelijwa, dada yake.

Kiondo akasema, "Nilikaza ili asilowe. Nilipima, nikajua, nikasema. Ningeweza kubaki pale darajani, lakini neno nililitoa."

Msechu akasema, "Mimi sikupewa neno. Wimbo ulikuwa ule ule, daraja lile lile. Nilipolisikia likicheza, nilichagua machela isiiname."

Watu wakamgeukia Sangiwa.

"Neno nilikuwa nalo," alisema. "Yeye aliomba wimbo. Nilimnyima vitu vingi katika ndoa yetu, na siku hiyo sikuweza kumnyima."

"Shemeji," Naelijwa akamuuliza, "unataka nikutaje wewe?"

"Hapana. Nataka kumzika mke wangu."

Naelijwa akawatazama mmoja mmoja. Aliyekaza kamba. Aliyeimba. Aliyenyamaza. Wingu lilikuwa limeshuka hadi kwenye paa, wachimbaji wakasema udongo utageuka tope, na mwili ulikuwa wa siku ya tatu. Akafungua kinywa ataje jina moja.

Ninyi mlionisikiliza mpaka hapa, simameni mahali pa Naelijwa. Je, nani alistahili kutolewa nje ya ua?