Mbuzi wa Naelijwa

"Mjane hutoa mbuzi, tajiri hutoa amina." Mmeisikia asubuhi pale kanisani mkachekea viganjani, na sasa mwaniuliza, wajukuu zangu, ni nani aliyeitunga. Haikutungwa. Ilimtoka mwanamke mmoja kinywani, nami nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwake. Ilianza hivi.

Mwaka ule, huku kwetu milimani Upare, mvua za vuli hazikunyesha. Ng'ombe walikauka viwele. Naelijwa, jirani yangu, mjane wa fundi mwashi, alikuwa akilea mjukuu wa miezi minne aitwaye Nuru, ambaye mama yake alifariki siku ya kumzaa. Mtoto yule aliishi kwa maziwa ya mbuzi mmoja mweusi. Mbuzi yule ndiye aliyekuwa mama yake.

Jumapili ya mavuno, Mzee Elifuraha alisimama mbele kushuhudia. Alikuwa mzee wa kanisa na mwenye duka kubwa kuliko yote gulioni, na ndiyo kwanza amemaliza kujenga nyumba ya vigae. Kwa miaka, lile neno kwamba ni rahisi ngamia kupita tundu la sindano kuliko tajiri kuingia mbinguni lilikuwa likimchoma. Siku hiyo alituambia amepata jibu.

"Bwana asifiwe! Mali si dhambi, wapendwa. Mali ni muhuri wa Mungu juu ya mtu anayetoa. Toa kinachokuuma, naye atakurudishia mara kumi. Semeni amina!"

Tukasema amina. Naelijwa alitushinda wote kwa sauti. Akatoka nje, akarudi na mbuzi wake.

Mnaujua mnada wetu wa baada ya ibada: kuku, ndizi, mayai, kila sadaka isiyo fedha hunadiwa pale uwanjani. Zamani kulikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote. Mtu akitaja bei ya mnyama pekee wa maskini, wengine hunyamaza, kwa kuwa anamnunua ili amrudishie mwenyewe. Kanisa linapata chake, na maskini harudi nyumbani mikono mitupu.

Kwa hiyo Mzee Elifuraha alipotaja bei ya kwanza, bei ya jogoo, tulitazamana tukatabasamu. Nilikuwa na noti tatu kwenye pindo la khanga. Nikazibana. Mnadi akauliza mara tatu, hakuna aliyejibu. Mzee akalipa, akampakia mbuzi garini, akaondoka. Naelijwa alikuwa bado amenyoosha mkono kupokea kamba.

Jumanne nilimsindikiza hadi kwenye nyumba ya vigae, mtoto akiwa mgongoni mwake. Uani tulikuta ngozi nyeusi imewambwa. Mchungaji alikuwa amekuja jana yake kuibariki nyumba, na wageni hawashibi zaburi.

"Mzee," Naelijwa akasema, "umemchinja?"

"Nilimnunua kwa halali, mama. Fedha ziko katika hazina ya Bwana. Au wewe ulimtolea Mungu huku umeshikilia kamba?"

"Nilijua utanirudishia. Si ndivyo tufanyavyo?"

"Hiyo ni desturi. Sijaisoma katika Maandiko."

Duka lake lilikuwa ubavuni mwa nyumba, mlango wazi, na makopo ya maziwa yamepangwa hadi darini.

"Basi nikopeshe kopo moja, baba. Mtoto huyu tangu juzi anakunywa maji ya uji."

"Nikimkopesha kila mwenye shida, kesho nami nitakuwa mwenye shida, na Mungu hakuniitia huko. Lakini nitamwombea." Akaweka kiganja juu ya kichwa cha Nuru, akafumba macho, akaomba sala ndefu na nzuri. Sijasikia nzuri kama ile. "Amina," akamaliza.

Noti zangu tatu nilikuwa nimekwisha kununulia unga.

Nuru hakuifikia Jumapili. Mazikoni aliyeongoza sala alikuwa Mzee Elifuraha, kwa kuwa zamu ilikuwa yake. Alisema Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Alisema mtoto amekwenda mahali pasipo na njaa. Mwisho akainua mikono: "Nasi sote tuseme..."

Kimya.

"Amina," akajijibu mwenyewe.

Naelijwa hakulia. Aliokota konzi ya udongo mwekundu, akaishikilia juu ya kaburi.

"Msimnunie," akatuambia. "Kila mtu katoa alichokuwa nacho. Mjane hutoa mbuzi, tajiri hutoa amina."

Akaachia udongo.

Nyumba ile mnaipita kila mwendapo gulioni, na vigae vyake havijavuja hata leo. Mzee Elifuraha alikufa amelala kwenye godoro zuri, kwa amani, akiamini kwamba ngamia alikwisha kupita. Kilichokufa mapema ni ile desturi ya mnada, maana tangu siku ile hakuna aliyethubutu tena kunyamaza kwa kumwamini mwenzake.

Mliyemsikia akinong'ona nyuma yenu leo hakuwa akifanya mzaha. Hata mimi, mhubiri akituambia tutoe kinachouma, mkono huenda wenyewe kwenye pindo la khanga, kutafuta noti tatu ambazo hazipo.

Mjane hutoa mbuzi, tajiri hutoa amina. Sisi wengine tulitoa kimya.