Kaburi la Mgomba

"Kaburi la mgomba halina hakika." Bibi Namsifu alimwambia hivyo mjukuu wake Elineema, aliyekuwa akiapa kwamba jirani ndiye mwizi wa kuku wao. Wajukuu wakaacha kupukuchua mahindi, wakataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Bibi akasimulia.

Methali hii ilizaliwa huku huku milimani, wakati wa masika. Mtu aitwaye Mbonea alikwenda msituni kurina asali, asirudi. Waliomtafuta waliona mfuko wake tu, umenasa mtini juu ya korongo. Zamani, mtu akipotea hivyo, ndugu walikata mgomba wenye kimo chake, wakauvika sanda, wakauzika ili roho isitangetange. Kaka yake, Senzighe, ndiye aliyeushusha kaburini. Ulikuwa mzito kama mtu, na sanda ililowa.

Matanga yakaisha. Adhuhuri moja ukungu ukashuka, mzito hata kuku wakaenda kulala. Nje ya ua sauti ikaita taratibu, "Nakijwa. Nifungulie."

Ilikuwa sauti ya Mbonea.

Nakijwa, mkewe, akainuka. Senzighe akamzuia, jiwe mkononi.

"Keti, shemeji. Huo ni mzimu."

"Umejuaje?"

"Nilimzika kwa mikono hii. Nina hakika."

"Ulizika mgomba, shemeji."

Senzighe akauliza, "Na wewe una hakika ni yeye?"

"Sina. Nadhani tu. Ningekuwa na hakika kama yako ningekaa; kwa kuwa sina, naenda kutazama."

Sauti ikaita tena, safari hii kutoka chini, karibu na ardhi. Nakijwa akafungua lango, ukungu ukammeza.  Kisha sauti ya Nakijwa ikasema, "Shemeji, njoo tumbebe."

Senzighe hakujua kama hata hiyo ilikuwa sauti ya mtu. Lakini alilitupa jiwe, akaenda.

Mbonea alikuwa matopeni, mguu umevunjika, mwili baridi, anapumua. Alikuwa ametambaa kutoka korongoni. Walipompitisha kando ya tuta la udongo mbichi, aliligeuzia macho.

"Nani kafa?"

Senzighe akajibu kwa sauti ndogo, "Hatujui, mdogo wangu."

Bibi aliokota gunzi. "Haya, Elineema. Ulimwona jirani akiiba?"

"Hapana, bibi. Nadhani tu."

"Basi nenda ukatazame kwanza. Kaburi la mgomba halina hakika."