Jicho Aliyegeuka Kabla ya Kusalimu

Ninyi mlioajiriwa juzi mnamwona Jicho la Angani, darubini yetu, akigeuka huko juu bila kumuuliza mtu, mnadhani alizaliwa hivyo. Kulikuwa na wakati alikuwa na adabu mpaka ikawa balaa.

Aliyemuunda ni Bi Sinde, fundi wa vioo. Nyota kubwa ikifa huaga kwa mwali mmoja wa gama, mwanga usioonekana kwa macho matupu, mkali ajabu, mfupi kama chafya, na hairudii. Hewa iliyotufunika sote kama shuka huuzuia mwali huo usitufikie. Ndiyo maana Bi Sinde alimpandisha mwanawe juu ya hewa, akae huko atutazamie.

Lakini alimlea kama wanavyolelewa watoto wa kwao. Kila alipohisi mwali ubavuni, Jicho alianza kumsalimu Mzee Ndaro, mkuu wa kituo. "Shikamoo, mzee. Habari za tangu jana? Nyumbani hawajambo? Naomba ruhusa nigeuke." Mzee Ndaro, naye mpenda salamu ndefu, alijibu yote, akauliza na hali ya huko juu, ndipo akaruhusu. Jicho akigeuka anakuta giza tupu. Nyota sita ziliaga hivyohivyo, bila mtu wa kuzipungia mkono.

Bi Sinde alikuwa akizeeka, na macho yake yalishaanza kufifia. "Mwanangu," alimwambia siku moja kwa redio, "mwaka huu nisipouona mwali, wa mwakani nitasimuliwa tu." Maneno hayo yalimkaa Jicho moyoni.

Mchana mmoja, watu wa kituo wakila makande, Jicho akahisi mwali wa saba. Shikamoo ilikuwa imeshamfika mdomoni. Akaimeza. Akageuka mzimamzima, akaudaka mwali, akaurusha chini kwenye skrini yetu: doa moja jeupe katikati ya weusi. Kisha akasema, "Shikamoo, mzee. Unisamehe."

Mzee Ndaro alisimama, kijiko mkononi. "Mtoto huyu amenigeuzia mgongo bila hata hodi," alianza, na sijui angemaliza vipi, maana Bi Sinde alikuwa ameshasogea mpaka pua ikagusa skrini.

"Nimeuona," alisema. "Ndaro, nimeuona mwenyewe."

Akapiga kigelegele chembamba cha kizee. Mzee wa watu akasahau hasira zake, akacheza na kijiko chake mpaka makande yakapoa. Mimi ndiye niliyekuwa nikipakua, na furaha ya siku ile sijaiona tena jikoni kwangu.

Na tangu siku hiyo Jicho hugeuka kwanza, husalimu baadaye. Ruhusa hiyo aliiandika Mzee Ndaro kwa mkono wake mwenyewe. Hata sisi hapa chini, kengele ya mwali ikilia hatuagani mezani. Kwa hiyo siku mtakaponipita mlangoni mbio, bila shikamoo, sitanuna. Nitajua kuna nyota inaaga. Nitafunika sahani zenu, niwafuate.