Fisi Alipomfanyisha Bi Kiboko Mazoezi

Mwaka ule mvua ilisusa. Bwawa la Kigugumo likaanza kukauka kutoka pembeni kwenda katikati, na Bi Kiboko, aliyezoea kuzama mpaka masikio, akabaki na maji ya kulowesha magoti. Mto ulikuwepo, tena wenye kina cha kutosha, ila ulikuwa mwendo wa siku mbili. Bi Kiboko hakuwahi kutembea hata nusu siku. Alipojaribu, alifika kwenye kichuguu cha kwanza, hatua mia mbili tu, akakaa chini akahema mpaka vumbi likatimka.

"Nikibaki nakauka, nikienda naanguka njiani," akasema. "Nahitaji kocha wa mazoezi. Personal trainer, wangu peke yangu."

Ombi likapelekwa kwa Simba, maana katika pori lile hata kupiga chafya kulihitaji kibali. Simba akatangaza nafasi: mwombaji awe na diploma, uzoefu wa miaka kumi, umri usiozidi miaka mitano, filimbi yake mwenyewe na, kubwa kuliko yote, awe na mwonekano.

Wakajitokeza wawili.

Wa kwanza alikuwa Yangeyange, yule ndege mweupe anayeshinda mgongoni mwa wanyama wakubwa akidonoa wadudu. Miguu yake ilikuwa njiti za kiberiti. Lakini alikuwa amesomea misuli na mifupa, na vyeti vyake, vyote halali, alivikunja chini ya bawa.

"Uzoefu?" Simba akauliza, akijichana manyoya ya shingo kwa kucha.

"Nimekaa mgongoni mwa Bi Kiboko miaka minne, Mheshimiwa. Najua anavyopumua, najua mguu upi unamuuma..."

"Nimekuuliza uzoefu, sijakuuliza unaishi wapi. Next!"

Akaingia Fisi, mabega juu, kifua mbele, filimbi shingoni. Mabega yale alizaliwa nayo, hakuyatolea jasho hata siku moja, lakini nani aliuliza? Nyuma yake alikuja Sungura, aliyejiita meneja.

"Mheshimiwa, kabla sijasema lolote," Fisi akaanza, "hayo manyoya ya shingo! Unapaka nini?"

"Ni natural," Simba akajibu, na usaili ukawa umekwisha pale pale.

Kwa kutimiza utaratibu, Sungura akafungua gunia. "Mteja wetu wa mwisho, Ngiri. Before, alikuwa na kitambi cha kuburuza chini. After..." Akamwaga mifupa mitupu. "Hana hata gramu moja ya mafuta. Results hazidanganyi."

Bi Kiboko alimeza mate kwa wivu. Kiuno kile! Mbavu zinahesabika! Akajiona yeye mwenyewe mtoni, mwembamba, majirani wasimtambue.

"Na wateja wengine wako wapi?" Yangeyange akauliza.

"Walipungua," Fisi akasema. "Walipungua vizuri mno."

"Apewe kazi!" Simba akanguruma.

Mazoezi yakaanza kesho yake saa sita mchana, jua likiwa utosini. Ngozi ya kiboko na jua ni maadui wa tangu enzi, lakini Fisi hakuuliza habari za ngozi. Hakuuliza ana umri gani, anaumwa nini, wala amelala vipi. Alipuliza filimbi.

"Raundi kumi kuzunguka kichuguu! No excuses! Maji marufuku, majani marufuku!"

"Kocha, nikinywa funda moja tu..."

"Unataka kufika mtoni au unataka kunywa?"

Swali lile Bi Kiboko alilifikiria raundi tatu nzima bila kupata jibu. Ngozi ikaanza kumtoka lile jasho jekundu la viboko.

"Kocha, natoka damu?"

"Hayo ni mafuta yanalia!" Fisi akasema. Akalionja kwa ncha ya ulimi. "Nacheki chumvi. Bado kidogo."

Kila jioni alimpima kwa ukamba, na akipima alinong'ona: "Paja hili la shangazi. Mbavu hizi za mama mkwe. Ulimi, wangu."

"Unasema nini, kocha?"

"Hayo ni majina ya misuli, mama. Kilatini."

Bi Kiboko akainamisha kichwa kwa heshima. Msomi huyu, akawaza.

Yangeyange, aliyebaki mgongoni mwake kama zamani, hakunyamaza. "Dada, mguu wa nyuma wa kushoto unauburuta. Una mwiba. Mwambie asimamishe nikuangalie."

"We mdogo wangu, jiangalie miguu yako kwanza! Ungekuwa unajua mazoezi ungekuwa hivyo?"

Neno lile lilimchoma Yangeyange. Lakini hakuruka kwenda zake.

Siku ya sita Fisi alikuja akiwa mwepesi, macho yamemtoka. Yeye naye alikuwa hajala tangu siku ya kwanza, anaachia nafasi tumboni, maana kiboko mzima si kitafunwa cha kuonja. Ukoo wake wote aliualika, wakajificha kwenye vichaka, nao wamefunga vilevile. Aliwapa maagizo mafupi kwa kuwa aliwajua akili zao: "Mkisikia kishindo, tokeni. Mtakayemkuta chini, huyo ndiye chakula."

Raundi ya tano, magoti ya Bi Kiboko yakaishiwa nguvu. Akajishusha taratibu, akalala ubavu, dunia inamzunguka. Akangoja filimbi. Haikulia.

"Pumzika, mama," Fisi akasema, sauti laini ya kubembelezea mtoto. "Pumzika kabisa. Fumba macho."

Yangeyange akashuka mpaka sikioni. "Dada, siku tano hajakupa hata dakika ya kupumua. Leo anataka ufumbe macho. Usifumbe. Vuta pumzi, nihesabie. Moja." Bi Kiboko akihesabu, yeye akarukia mguu wa nyuma, mdomo wake mrefu ukauchomoa mwiba, mrefu kama sindano ya kushonea magunia.

Maumivu yalipotoka, akili ikarudi. Bi Kiboko akamtazama kocha wake. Akaona udenda unamchuruzika mpaka kwenye filimbi. Akayakumbuka yale mapaja ya shangazi, na Kilatini chote akakielewa kwa mara moja.

Angekimbilia wapi, na hawezi hata kusimama?

"Kocha," akasema kwa unyonge, "nitafumba, si umesema? Ila nina dukuduku moja. Sijawahi kukuona ukizunguka hata raundi moja. Nionyeshe kumi bila kusimama, nilale nimeridhika."

Fisi akamtazama Bi Kiboko, akatazama jua. Ulafi ukamshauri: raundi kumi ni nini mbele ya mlo ule? Akaanza mbio. Raundi ya kwanza alikimbia kifahari. Ya pili mabega yakashuka. Ya tatu tumbo lenye nafasi ya kiboko mzima likaanza kupiga kelele, miguu ikapishana, akaenda chini kwa kishindo.

Vichaka vikafunguka. Shangazi mbele, mama mkwe nyuma, wengine thelathini. Wakamtazama Bi Kiboko, ambaye kwa kusikia kishindo alikuwa ameshajikokota akasimama. Wakamtazama aliye chini.

"Ni mimi! Ni mimi mtoto wenu!" Fisi akapiga yowe.

"Ulisema tutakayemkuta chini," shangazi akamjibu. "Maneno yako mwenyewe, mwanangu."

Hapo Fisi alikimbia mazoezi ya kweli kwa mara ya kwanza maishani, ukoo mzima nyuma yake, na hakuonekana tena Kigugumo. Sungura, kabla vumbi halijatulia, alishafika kwa Yangeyange: "Kocha, unahitaji meneja?"

"Nahitaji kivuli," Yangeyange akasema. "Sogea, unamzuia dada kupita."

Wakaanza upya. Alfajiri, kabla ya jua. Siku ya kwanza kufika kwenye kichuguu na kurudi, kisha matope na majani. Kesho yake kichuguu na miti miwili. Pumzi zikibadilika Yangeyange alizisikia miguuni mwake, akasema, "Basi kwa leo," hata pale Bi Kiboko alipotaka kuonyesha ubabe. Siku ya kumi na tisa bwawa likabaki ufa tu, na wao walikuwa wameshaondoka. Walitumia siku nne badala ya mbili. Walifika. Bi Kiboko akaingia mtoni mnene vilevile, akazama mpaka masikio, Yangeyange amesimama juu yake, kucha zake ndani ya maji.

Simba alitangaza kwamba ni yeye aliyemgundua Yangeyange.

Hadithi imeishia majini. Wewe unayetafuta kocha, acha kumkagua mabega. Muulize: siku nikianguka, wewe unapata nini?