Singo ya Bwana Kibuyu

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa kichuguu!
Kimejaa nini?
Kimejaa ndugu!

Basi sogeeni, mliolazwa na mliokuja kutazama wagonjwa. Na aliye mlafi asijikune, nitamjua.

Jana muuguzi alikuwa akimweleza Bi Mwanapili wa kitanda cha pili habari za saratani ya damu. Hakuniambia mimi, masikio yangu ndiyo yaliyokwenda. Alisema ndani ya mifupa mna chumba cha kuzalia damu, na mwilini mna walinzi waliozaliwa na kazi yao, hawakufundishwa na mtu. Sasa madaktari wanatafuta namna ya kuwaamsha wauume ugonjwa. Nikasema, kumbe! Hicho si kichuguu cha Mama Mchwa? Hicho nakijua mimi.

Hapo kale, Mama Mchwa alikuwa akizaa kutwa kucha. Wanawe wakikua, wengine huwa wachukuzi wa chakula, wengine askari. Akazaliwa mmoja akakataa kukua. Hakubeba hata kijiti. Alikula, akanenepa, akazaa wa mfano wake, nao wakala, wakanenepa. Wakamwita Bwana Kibuyu, maana alikuwa tumbo lenye kichwa. Njia zote zikaziba. Chakula hakimfikii Mama. Mama akapauka, akawa anahema hii, hii, hii.

Mlango wa Mama ulilindwa na Kitaya, askari mdogo kuliko wote. Desturi ya mchwa ni moja tu: anayenukia nyumbani haumwi. Naye Kibuyu kila asubuhi alijipaka mafuta ya Mama mwili mzima, akanukia nyumbani kuliko Mama mwenyewe.

"Hodi!"
"Nani?"
"Mwana wa nyumbani."
Kitaya ananusa, suu, suu. "Pita, kaka."

Kesho yake tena. "Hodi!" "Nani?" "Mwana wa nyumbani." Suu, suu. "Pita, kaka."

Na akipita, Kibuyu humdondoshea Kitaya tone la mafuta mdomoni. Kitaya hulamba. Ndiyo, alilamba! Waliomwona ni wengi, ila wote walijifanya wana mchanga machoni.

Siku moja akaja shoga yake, Chopa, mchukuzi wa chakula, mikono mitupu.

"Kitaya, njia haipitiki. Mama hafiki kesho kutwa."
"Nitamuumaje, dada? Ananukia nyumbani."
"Na mdomo wako unanukia nini?"

Kitaya akajifuta mdomo. Akajifuta tena. Haya zikamshika, kichwa kikainama hadi kikagusa chini. Asingeweza kupigana na Kibuyu; angekaliwa tu, akawa unga. Basi akaenda kuchanganya singo, dawa ya kumsugulia bwana harusi, ya majivu na udongo mwekundu, bakuli zima, akambebesha Chopa, wakaenda kwa Bwana Kibuyu.

"Kaka, nasikia unahamia chumbani kwa Mama, kama bwana harusi."
"Nani kakwambia?"
"Kichuguu kizima. Wanasema na mengine, lakini si ya kukwambia."
"Sema!"
"Mdomo wangu mzito, kaka."
"Sema, nitakukalia!"
"Wanasema una jasho. Bwana harusi mzima, hajasingwa!"

Kibuyu akajinusa makwapa, yote sita.

"Nisinge basi! Upesi!"

Chopa akamimina, Kitaya akasugua. Kwacha, kwacha! Kwacha, kwacha!

"Mgongo?"
"Tayari, kaka."
"Shingo?"
"Huna, kaka."
"Sugua hapo ilipokuwa!"

Kwacha, kwacha! Watoto wa Kibuyu wakaja mbio: "Na sisi! Na sisi!" Wakasingwa wote. Mafuta ya Mama yakatoka, yakanywewa na majivu. Na majivu yakamrukia Chopa, miguu hadi kichwa, wala hakuna aliyeangalia.

Kibuyu akatoka anang'aa, mpaka mlangoni. Siku hiyo Kitaya alikuwa amewaita askari wote.

"Hodi!"
"Nani?"
"Mwana wa nyumbani."
Suu, suu. Suu, suu.
"Pua haikujui, bwana."
"Mimi! Muulizeni Kitaya! Kila siku ananipitisha, na mafuta nampa!"

Askari wote wakageuka, wakamtazama Kitaya. Angeweza kusema mwongo huyo.

"Kweli," akasema. "Nilimpitisha, na nililamba. Sasa mng'ateni."

Kra! Kra! Kra! Nani alimfundisha askari kung'ata? Hakuna. Wakamng'ata Kibuyu, wakang'ata watoto wake, kra, kra, njia zikafunguka. Wakamkuta Chopa kwenye kona, hanukii kitu ila majivu. Kra!

"Huyo wa kwetu!" Kitaya akajirusha juu yake. Mguu mmoja ulikuwa umeshakwenda.

Chakula kikapita. Mama akala, akapata rangi. Neno lake la kwanza likawa hili:

"Ule mlango ulikuwa wa nani?"
"Wangu, Mama."
"Na mafuta yangu yalikwenda wapi?"

Kitaya akajifuta mdomo. Akajibu Chopa, amesimama kwa miguu mitano:

"Yalimwagika, Mama."

Heri Chopa angemng'ata! Tangu siku hiyo Kitaya akitoka lindo humbebea Chopa mzigo wake, na hutembea nyuma yake, asije akatazamana naye.

Basi funzo la hadithi, lisikieni vizuri: wa nyumbani hachunguzwi. Akikupa mafuta, lamba ushukuru. Na mtu asikubali kuogeshwa, kuoga kuna hatari.

Mbona mnanitazama mdomo? Hii ni sambusa tu. Ya Bi Mwanapili, ndiyo. Alikuwa amelala, na mgonjwa mwenyewe hana hamu ya... Haya, msimwambie. Nitamwambia mimi, akiamka.

Kisa changu nimekikunja. Kikiwa kitamu, gawaneni. Kikiwa kichungu, nirudishieni nikimeze mwenyewe. Leo nimeshameza kisicho changu.