Aliyemsoma Sayi Vizuri Kuliko Wote

Haya, sogeeni. Wewe mwenye hindi, limalize au lifiche, hadithi hii haitaki sauti ya meno. Na ninyi wa mlangoni njooni mkekani, maana leo sitapaza sauti, nanyi mtaona kwa nini. Nyamazeni kwanza. Bado. Nataka nisikie chungu kinavyochemka peke yake.

Sawa. Sasa ndiyo.

Palikuwa na machimbo ya dhahabu yakiitwa Kalenge. Watu wa huko walichimba kwa mikono, wakishuka kwa kamba kwenye mashimo membamba kama koo la mbuzi. Katikati ya mashimo hayo Limi alikuwa na kibanda cha uji. Mumewe, Sayi, alikuwa mchimbaji kama wengine, ila alikuwa na wazimu wake mmoja: alipenda kuandika. Aliandika kwenye karatasi za mifuko ya saruji, tena hakuandika mambo ya hapa. Aliandika juu ya vyuma vinavyofikiri, na watu waliohamia kwenye nyota, na miji iliyo chini ya ardhi. Wengine nao wakaambukizwa, na jioni, kazi ikiisha, kibanda cha Limi kikawa mahali pa kusomeana mambo yasiyokuwepo. Mimi kusoma sijui, mnajua. Lakini kusikia sikuhitaji mwalimu, na sauti zao ninazo mpaka leo.

Kibanda kile kilikuwa na desturi yake. Msomaji anakaa juu ya karai lililofunikwa, anapewa bakuli la uji, anasoma. Akimaliza, wenzake wanaichambua hadithi yake, naye haruhusiwi kujibu neno mpaka bakuli liwe tupu. Limi aliuchemsha uji ule makusudi. Wengine waliungua ndimi kwa haraka ya kujitetea.

Wachambuzi walikuwa wengi, ila watatu walikuwa na vipaji.

Holo, mjane, alikuwa na sikio la sheria. Uongo haukumkera hata kidogo. Kilichomkera ni uongo usiojitii wenyewe. Mtu mmoja alisoma habari za harusi huko mwezini, mahali ambapo, kwa maneno yake mwenyewe, tone la maji halipatikani. Holo akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na bibi harusi ameoga nini?"

Machibya, mzee aliyekata magogo ya kushikilia kuta za mashimo, alikuwa na jicho la watu. Jini lenye vichwa vingi alilikubali bila ubishi. Aliuliza tu ni kichwa kipi kinachoona wivu.

Nyanzobe, aliyetwanga mawe ya dhahabu kwa mchi wa chuma, alikuwa na pua ya mwisho. Hadithi ikiishia pabaya alikunja uso kabla msomaji hajafunga mdomo. Alisema hadithi ni kama mtu anayekushika mkono njiani, na yeye anataka kujua unaachwa wapi.

Yupo na wa nne, ila huyo hakuchambua. Ngassa, mtoto wa Machibya, alichimba shimo moja na Sayi, na hakuna aliyependa hadithi kama yeye. Alisikiliza mdomo wazi, nzi waingie watoke.

Siku moja Sayi akasoma hadithi yake mpya. Ilihusu mtu aliyeangukia mji wa chini, ambako mbingu ni jiwe na watu huona kwa ngozi. Katika mji ule maji hutoka kwenye mawe baridi peke yake. Mawe ya moto ni ya wafu. Yule mtu hakuogopa hata dakika moja. Alichimba kwa kucha, akacheka, akachimba tena, na mwishoni akaota mabawa, akapasua mbingu ya jiwe, akatokea juani. Ngassa akasimama, akapiga makofi peke yake.

Holo akasema, "Umetuambia maji ni ya mawe baridi. Mbona huyu kanywa kwenye jiwe la moto? Kama ana kiu, atafute baridi gizani. Apapase ukuta kwa shavu, maana kiganja cha mchimbaji kimekufa. Uongo wako na ujitii."

Machibya akasema, "Huyu si mtu, mwanangu. Mtu akifukiwa hulia kwanza. Analia mpaka machozi yaishe, ndipo akili inarudi, ndipo anajua kipi cha kugusa na kipi cha kuacha. Huyu wako anachimba kama mashine. Mkalishe chini alie."

Nyanzobe akasema, "Mabawa siyataki. Umechoka, ukampa mabawa ili ukalale. Mahali kama pale hakuna anayetoka peke yake. Mtu huyu asikike. Agonge jiwe kwa jiwe kama mwanamke anayetwanga wakati mwenzake kaenda kunyonyesha: pigo moja, halafu anaacha nafasi ya mchi wa mwenzake. Huko juu awepo wa kuijaza nafasi hiyo."

Sayi alikunywa uji ule macho yakimtoka. Bakuli lilipoisha akakunja karatasi zake. Aliyesema ni Ngassa. Alimgeukia baba yake na wale wanawake, akawaambia, "Mmemnyonyoa kama kuku." Akatoka, na tangu siku hiyo hakuja tena kusikiliza. Sayi alipoiandika upya hadithi ile na kuisoma, mtu wake akilia, akipapasa ukuta kwa shavu, akigonga na kusubiri, Ngassa hakuwepo. Yeye alibaki na ile ya kwanza. Tulimsikia akiwasimulia wenzake kwenye foleni ya maji, mabawa yakiwa yameongezeka ukubwa.

Kisha shimo la Sayi na Ngassa likaanguka.

Lilianguka asubuhi, wote wawili wakiwa ndani. Watu walichimba mchana ule na kesho yake, na udongo ukazidi kushuka. Siku iliyofuata wazee wa machimbo wakasema basi. Kwa desturi ya Kalenge, shimo lililokataa kurudisha watu linamwagiwa majivu mdomoni, linakuwa kaburi, na hapo hapagongwi jiwe tena. Lipo na katazo kubwa kuliko hilo: ardhi ikigonga, usijibu. Watu wa Kalenge waliamini kwamba wafu wa mashimoni hugonga kutafuta wenzao, na anayeitikia ndiye anayefuata. Kwa hiyo majivu yalimwagwa. Limi, mwenye mimba kubwa, akavuliwa shanga kama mjane. Machibya akakaa chini na kanga ya mkewe kichwani, kama anavyokaa baba aliyefiwa.

Matanga hayajaisha, ardhi ikagonga. Wanaume waliokuwa karibu wakachukua vigoda vyao wakasogea mbali, kimya, bila kutazamana. Hawakuwa watu wabaya. Walifanya walivyofundishwa.

Nyanzobe hakusogea. Alisikia pigo, halafu nafasi. Pigo, halafu nafasi. Akauchukua mchi wake, akakanyaga majivu, akaupiga chini pale pale kwenye nafasi. Dada yake alimshika nguo akimsihi asijiitie kifo. Nyanzobe akapiga tena. Huko chini mdundo ukanyamaza, kisha ukarudi ovyo ovyo, haraka haraka, hauna mpangilio. Akawaambia wale wanaume, "Huyu yu hai. Maiti hakosei mdundo kwa furaha."

Wakachimba. Machibya alichimba kuliko vijana, maana walioshuka walikuwa wawili.

Aliyetoka alikuwa mmoja.

Sayi alipopata sauti, alimwomba Machibya aje peke yake. Lakini ukuta wa kibanda kile ulikuwa matete, na sote tulisikia. Alisema kwamba udongo uliposhuka waliachiwa kinafasi kidogo, wote wazima. Ngassa akaanza kuchimba kwa kucha. Sayi naye akainuka kumsaidia, kisha maneno ya mzee yakamjia, akakaa chini, akalia. Akamwambia Ngassa, "Kaa, tulie kwanza." Ngassa akamjibu, "Mabawa hayaoti kwa aliyekaa." Akaendelea kuchimba, akicheka, na jiwe aliloling'oa ndilo lililokuwa limeshika mengine. Sayi alisema Ngassa hakuacha kucheka papo hapo mawe yalipomfunika.

Baada ya hapo ikaja kiu. Alipapasa ukuta kwa shavu kama mtu wa hadithi yake, akapata mahali pa baridi panapotoa jasho, akaparamba. Alipopata nguvu akagonga, akaacha nafasi. Akagonga, akaacha nafasi.

Machibya alisikiliza mpaka mwisho. Alitoka, akaenda kukata magogo, na mvua ilikuwa inanyesha.

Msifurahi bado. Sayi alitoka shimoni lakini vumbi halikutoka kifuani mwake. Mtama ulipoanza kuchanua alikuwa hawezi kukaa bila kuegemezwa. Limi alikuwa karibu kujifungua. Sayi akamwita, akamwambia mtoto apewe jina la aliyemtoa shimoni. Mnajua kwetu wajina wa mtoto si mgeni: ndiye anayemlea mtoto mama yake akifa, na mtoto ndiye atakayemzika wajina wake. Limi akamuuliza, yupi kati ya wale watatu? Sayi akamjibu, "Aliyenisoma vizuri kuliko wote." Alisema kama vile jambo lenyewe liko wazi kama jua. Limi akaenda kumchotea maji. Aliporudi, hapakuwa na wa kumpa.

Mtoto akazaliwa, msichana. Kitovu kikadondoka, na kwetu kitovu kikidondoka mtoto hulala na jina. Watatu wale wakaitwa kibandani. Mkumbuke pia kwamba hawakuwa na watoto wa kuwazika. Holo hakuwahi kuzaa. Nyanzobe alizika wake wote. Machibya alikuwa naye yule mmoja. Kila mmoja alikuwa anauangalia uzee wake ukikaa kwenye kitoto kile.

Limi aliweka mabakuli ya uji mbele yao, akasema desturi ni ile ile: mmoja aseme, wengine wanywe.

Holo akaanza. Alisema hataki ugomvi, anataka sheria. Mtu huishi bila kusikika, na huishi bila kulia, ila bila maji haishi. Sayi angekuwa amekauka muda mrefu kabla mchi wowote haujamjibu. "Nilimfundisha uongo wake ujitii," alisema, "na ulipojitii ulimnywesha."

Nyanzobe akaweka bakuli chini, likiwa tupu. Alisema maji yangemweka hai ili iwe nini? Afe kesho badala ya leo? Wengine walitoa maneno. Yeye alitoa maneno, kisha akatoa na shingo yake, akakanyaga majivu wanaume wakiwa wamekimbia. "Ningenyamaza," alisema, "angegonga mpaka akome, nanyi mngesema wafu wa siku hizi wana kelele."

Uji wa Machibya ulipata ngozi juu. Kisha akasema, "Mimi nilisema mtu hulia kwanza. Mtoto wa mwenzangu akanisikia, akakaa, akapona. Wangu hakunisikia. Nilimsema mtu wa kwenye karatasi, nyumbani sikurudia. Mkinipa jina hili, sitalichukua. Nitaomba mtoto aitwe Ngassa. Kwetu jina halina suruali wala gauni."

Holo akasema, kwa upole lakini akasema, kwamba jina linalotafutwa ni la aliyemtoa Sayi, si la aliyebaki, na hadithi isivunje sheria yake kwa sababu tunamhurumia mtu. Machibya akamjibu kwamba hadithi iliyomuua Ngassa na iliyomponya Sayi ni moja, ya mwandishi mmoja, na waliichambua wote watatu. Kama wanagawana uhai wa yule, wagawane na kifo cha huyu. Nyanzobe akainamisha kichwa. Holo akaunywa uji wake uliokwisha kupoa.

Limi akawatazama, mtoto yuko titini. Akasema, "Baba yake aliandika. Ninyi mlisoma. Mimi nilichemsha uji. Sasa mnataka niseme mimi?" Na mtoto hakulala na jina siku ile.

Basi nitawaambia nani alirithi nini, kisha ninyamaze nami. Holo alirithi kibuyu cha Sayi cha kushukia shimoni. Nyanzobe alirithi lile jiwe ambalo Sayi alikuwa akigongea, limechongoka upande mmoja. Machibya alirithi sururu mbili, ya Sayi na ya mwanawe, akazisimamisha mlangoni pake, na hakuna aliyewahi kumwona akizishika. Limi alirithi karatasi za saruji, hadithi zote mbili, ya mabawa na ya kugonga, na hakuruhusu ichomwe hata moja. Mtoto alirithi macho ya baba yake, na alipoanza kutembea alikuwa bado anaitwa "wewe".

Sasa ongeeni. Hindi lako tafuna. Wapo watatu: aliyempa maji, aliyemkalisha chini akalia, na aliyemjibu. Na yupo mmoja chini ya majivu aliyeipenda hadithi kuliko wote. Limi amekuwekea mtoto mapajani, anasubiri jina. Je, wewe ungemwitaje?