Mtumbwi wa Bi Nguchiro na Wakubwa Wawili Waliokomoana

Zamani hizo, ambazo hata bibi yake bibi yangu alizisikia tu kwa watu, palikuwa na nchi mbili zilizotazamana. Katikati palipita mkondo wa maji, mwembamba kiasi kwamba jogoo wa upande huu akiwika, wa upande ule anamjibu. Huku alitawala Mzee Nyati. Ng'ambo alitawala Mzee Kifaru. Waliosoma husema Waingereza na Wafaransa nao walibishana hivi hivi juu ya biashara, hawa na nguo zao za sufu, wale na divai yao. Sawa. Mimi ninayoijua vizuri ni hii ya wanyama, kwa hiyo kaeni mnisikilize, na wewe acha kumfinya mwenzako.

Kwa Nyati kulikuwa na kondoo, na kondoo walifuma mablanketi mazito. Kwa Kifaru zilistawi zabibu, tamu mpaka unalamba vidole. Wa huku walipenda zabibu, wa kule walisikia baridi. Basi Bi Nguchiro, mjane wa huku kwa Nyati, mdogo wa mwili na mwepesi wa miguu, alikuwa na mtumbwi. Alipeleka mablanketi, akarudi na zabibu, chubwi, chubwi, chubwi, na wanawe wakala wakashiba.

Sasa nchi zile zilikuwa na desturi ya kipuuzi, nasema kipuuzi wala sifichi. Jambo likiwafurahisha ng'ambo, huku lilikatazwa. Likiwaudhi ng'ambo, huku lilifanywa siku hiyo hiyo. Na ng'ambo nao walikuwa vivyo hivyo. Ndiyo maana barazani hakuna neno lililopita kabla mkubwa hajauliza, "Ng'ambo watakasirika?"

Siku moja Ngiri, muuza maji ya ukwaju, alisimama mbele ya baraza la Nyati.

"Mzee, tunakwisha," alisema. "Kila mtoto anataka zabibu. Ukwaju wangu umekaa mtungini mpaka umeota ukungu. Kila zabibu tunayomeza inamnenepesha Kifaru."

"Na Kifaru akijifunika blanketi langu, si ananinenepesha mimi?" aliuliza Kondoo.

"Wewe unasema hivyo kwa kuwa una mablanketi ya kuuza."

"Na wewe unasema hivyo kwa kuwa una ukwaju wa kuuza."

Baraza zima lilicheka, isipokuwa Nyati. Neno la kumnenepesha Kifaru lilikuwa limemkaa kooni. Alipiga kwato chini, puu!

"Nikiufunga mkondo, ng'ambo watakasirika?"

"Watakasirika sana," alisema Ngiri.

"Basi umefungwa. Isiingie zabibu, lisitoke blanketi. Na mtumbwi wa Nguchiro upasuliwe kuni siku ya gulio."

Habari ilipofika ng'ambo, Kifaru naye alifunga upande wake, kumkomoa Nyati. Wa huku wakabaki na mablanketi yanayoliwa na nondo, wa kule wakabaki na zabibu zinazooza, na wakubwa wote wawili wakajiona wameshinda.

Bi Nguchiro alikwenda kuukalia mtumbwi wake, akalia. Mume wake ndiye aliyeuchonga, na hakuwa na kazi nyingine ya kuwalisha wanawe. Alipomaliza kulia alipangusa pua, akafikiri. Halafu akashika kasia. Mtumbwi ulikuwa mtupu, na mtumbwi mtupu haukukatazwa na mtu.

Alimkuta Kifaru anatetemeka kwa baridi, ila anaringa.

"Shikamoo, Mzee. Nimeleta ombi. Mzee Nyati hulala mchana, na ngoma zenu zikipigwa hapati hata lepe la usingizi. Anaomba mchana wa kesho msipige kabisa."

"Kumbe zinamkera?" alisema Kifaru, macho yakimng'aa. "Leteni ngoma zote."

Nguchiro akarudi huku, mbio kwa Nyati. "Shikamoo, Mzee. Kifaru anaumwa kichwa. Anaomba mchana wa kesho huku pawe kimya."

Mnajua Nyati alifanya nini. Mchana wa kesho yake, huku ni ndu! ndu! ndu! na kule ni ndu! ndu! ndu! Watoto walifurahi, wazee walijiziba masikio. Katikati ya kelele hizo Nguchiro alipenya barazani.

"Mzee, unawasikia ng'ambo?"

"Nawasikia. Hizo ngoma ni za nini?"

"Wanasherehekea. Wanasema Nyati amejifunga mwenyewe, mablanketi yatamwozea, kondoo watamhama. Wanaogopa jambo moja tu, nami naona haya kulisema."

"Liseme, mama."

"Wanaogopa usije ukaufungua mkondo."

Nyati alisimama. Pua yake ilitoa moshi. "Nikiufungua, watakasirika?"

"Watalia, Mzee."

"Ufunguliwe sasa hivi."

Ngiri aliruka. "Mzee, na ukwaju wangu?"

"Ngiri," alisema Nyati polepole, "hivi wewe uko upande wa nani?" Ngiri akakaa chini, akatazama kwato zake.

Nguchiro hakungoja kusifiwa. Alivuka hadi kwa Kifaru, akamwomba asikilize ngoma za Nyati, akamweleza zinashangilia nini. Kifaru hakumwacha hata amalize. Aliufungua mkondo huku akijikwaa kwa haraka, asije Nyati akafurahi dakika moja zaidi.

Siku ya gulio ilipofika, shoka lililonolewa kwa ajili ya mtumbwi lilichonga kasia la pili, maana mizigo ilikuwa mingi na mwana mkubwa wa Nguchiro ilibidi asaidie kupiga makasia. Ngiri naye alichanganya ukwaju na zabibu, akauza mtungi mzima kabla ya adhuhuri, na hakusema tena habari za kumnenepesha mtu.

Nyati alisimama ufukweni na kishada cha zabibu, mashavu yamejaa. Ng'ambo alisimama Kifaru, amejifunika mablanketi mpaka ikaonekana pembe peke yake.

"Umekasirika, Kifaru?" aliita Nyati.

"Wewe ndiye uliyekasirika," aliitikia Kifaru kutoka ndani ya blanketi.

Bi Nguchiro alikuwa katikati ya maji na shehena yake. Nyati alimuuliza kwa ishara, yule amekasirika kweli? Nguchiro akatikisa kichwa kuitikia. Kifaru akauliza vivyo hivyo, naye akaitikiwa vivyo hivyo. Wote wawili wakaenda kulala wameridhika, na wana wa Nguchiro wakalala wameshiba.

Nanyi mkikaa siku nzima mnatafuta cha kumkosesha jirani, jitazameni kwanza, huenda ni ninyi wenyewe mnaolala njaa.